Kitunga cha Samaki cha Ngosa

Katika Siti nzima ya Élisabethville, mtaa ule waliotutengea sisi watu weusi, hakukuwa na mwanamke aliyejua kununua chakula kama Ngosa. Nasema hivi mimi Mujinga, ambaye kumsifu mtu kwangu ni kazi ngumu, waulizeni wote wanaonijua. Ngosa alifika sokoni saa moja asubuhi, mtoto mgongoni, na hakununua kitu. Alizunguka kwanza. Aliminya nyanya, alimnusa samaki kwenye mashavu, alizamisha mkono mpaka chini ya gunia kuona kama muuzaji amefukia unga wa zamani chini ya mpya. Halafu aliondoka kama mtu aliyetukanwa. Walimwita, hakugeuka. Aliporudi mzunguko wa tatu bei ilikuwa imekwisha kushuka yenyewe, na bado alidai matabishi, ile nyongeza ya mwisho ambayo muuzaji huitoa huku ananung'unika. Mimi nilimfuata nyuma na kikapu changu, nikinunua kwa bei aliyoipigania yeye. Sikuona haya hata kidogo.

Tulikuwa majirani, ua kwa ua, na sote tulikuwa wageni. Mimi ni Mluba wa Kasai, nililetwa na mume wangu Léonard aliyekuwa na kazi kwenye reli. Ngosa alitoka Rodezia, ng'ambo ya mto Luapula, kwenye nchi ya Waingereza. Kwa hiyo mimi nilikuwa mgeni wa mji tu, lakini yeye alikuwa mgeni wa serikali. Mume wake Chola alikuwa mwokaji wa mikate kwa Mgiriki mmoja mjini, na kila baada ya miezi mitatu alitakiwa ofisini kugongewa muhuri wa kukaa. Alipaswa kupeleka barua ya Mgiriki kwamba bado ana kazi. Asiye na barua hakupata muhuri, na asiye na muhuri alipewa tikiti ya treni ya Sakania, mpakani.

Kitu kilichomchoma Ngosa zaidi ya vyote kilikuwa bei ya samaki. Samaki wakavu wa soko letu walitoka Luapula, kwao hasa. Walivushwa mpaka Kasenga, wakapakiwa kwenye malori ya wafanyabiashara, wakaja kuuzwa kwake kwa bei ya kumtoa mtu machozi.

"Yaya, angaria huyu samaki," aliniambia, kwa maana aliniita dada mkubwa. "Kwetu tunapatiaka jirani bure. Huku banaomba faranga mbili!"

"Basi rudia kwenu ukakule ya bure," nilimjibu, na tulicheka wote wawili.

Nilimtania hivyo labda mara mia. Sasa nikikumbuka mdomo wangu ule, natamani mtu angeuziba kwa tope.

Siku moja, tukipumzika njiani na vikapu vyetu, aliniambia kwa nini anavumilia bei zile na mihuri ile. Alikuwa amezaa watoto watatu. Wa kwanza alizikwa kwao akiwa na miezi kumi na minne. Wa pili alizikwa kwao akiwa na miaka miwili kasoro siku chache. Huyu wa tatu, Madeleine, alizaliwa hapa mjini, alikula hapa, alinenepa hapa, na mashavu yake yaling'aa.

"Kule kwetu kuko kintu inakulaka batoto yangu," alisema. "Huyu akimaliza miaka tatu, tutaenda fasi yoyote. Mbele ya pale, mi shitatoka hapa. Hata unga ipande namna gani."

Nilimwambia atafikisha, tena atatuzika sote. Mimi nilikuwa na miaka tisa ya ndoa na sikuwa nimeshika mimba hata moja. Madeleine nilimbeba mara nyingi kuliko baba yake. Nalisema mapema asije mtu baadaye akadhani nimelificha.

Ulipoingia mwaka wa 1931 mji ulianza kupoa. Walisema bei ya shaba imeanguka huko Ulaya. Sisi tuliona tu moshi wa viwanda unapungua, kambi za wafanyakazi zinafungwa moja baada ya nyingine, na kila juma treni inaondoka kuelekea kusini imejaa watu wa Rodezia na mafurushi yao. Sokoni vitu vilishuka bei, lakini pesa mikononi mwa watu ilishuka zaidi. Wauzaji walikaa nyuma ya mafungu yao bila kuita mtu. Nilichukia ukimya ule. Soko lisilopiga kelele linatisha kuliko kilio.

Na hapa lazima niwaeleze tabia moja ya siku zile. Mtu aliyekuwa anaondoka hakusema. Hata umuulize mara kumi, alikana. Aliogopa jicho la kumfuata njiani, aliogopa watu kumvizia vyombo vyake, aliogopa kumtaja shetani wa safari kabla ya siku yake. Kwa hiyo sisi wanawake wa avenyu yetu tulijifunza kutazama chakula badala ya kusikiliza maneno. Ukiona jirani anakaanga mahindi kisha anayatwanga, ukiona ametundika samaki juu ya moshi mara ya pili ili wawe wagumu, hiyo ni pamba, chakula cha njiani, basi hesabu siku zake. Nyumba tatu zilikuwa zimekwisha kuondoka hivyo. Zote tatu ziliapa haziendi popote, na zote tatu ziliondoka. Walioondoka hawakukauka hata jasho, watu wakabomoa milango yao kufanya kuni. Mbwa wa nyumba ya kona alibaki amekaa kizingitini, akimbwekea kila apitaye, mpaka asubuhi moja hakuwepo tena.

Mwezi wa nane jino liliniuma, nikalala siku mbili nyumbani. Laiti lingeniuma juma lingine! Siku hizo mbili Ngosa alikwenda sokoni peke yake, akamkuta mfanyabiashara wa Kasenga amekaa na lori zima la samaki bila mteja. Kambi alizozoea kuziuzia zilikuwa zimefungwa, na mvua zilikuwa njiani. Unyevu ukianza, samaki wote wangeoza. Alikuwa anauza kitunga kizima, kile kikapu kikubwa cha kubebwa na watu wawili, kwa bei ya samaki ishirini. Ngosa alizunguka mara tatu kama kawaida yake. Halafu alinunua kitunga, na magunia mawili ya mahindi juu yake.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mgiriki alikuwa amempunguzia Chola mshahara, na kila mwaka mvua zikija unga hupanda. Akiwa na samaki hawa na mahindi haya, mtoto angekula mpaka mavuno mapya bila kujali soko linasema nini. Samaki aliwarudishia moshi ili wasiingiwe na funza. Mahindi aliyakaanga kabla ya kuyatwanga ili yasiingiwe na wadudu. Ilikuwa hesabu ya mwanamke aliyetaka kukaa.

Lakini mimi sikuwapo sokoni. Nilichokiona nilipotoka nje, shavu limevimba, ni kamba tatu za samaki juu ya moshi kwenye ua wa jirani yangu, na harufu ya mahindi ya kukaanga.

Nilisimama kwenye fensi. "Mama Madeleine, mutaenda siku gani?"

"Kwenda wapi, Yaya?"

"Kwenu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Shiye hatuendi fasi! Nilipata tu samaki ya bei ya chini. Kamata hii mbili, ukule na jino yako ile."

Akanipa samaki wawili wakubwa. Na wale wa zile nyumba tatu nao, kabla ya kuondoka, walikuwa wamegawa vitu kwa majirani. Nikaingia ndani na samaki wangu, nimekasirika. Ndiyo, nilikasirika! Miaka minne tunakwenda soko moja, tunachota maji bomba moja, halafu ananificha mimi kama anavyowaficha wengine? Nilimlaumu moyoni, na usiku wa jino haukunisaidia.

Kesho yake bombani nikasema, "Jirani zangu nao wanakwenda." Sikunong'ona, wala sikusema kwa ubaya. Nilisema kama mtu anavyosema kwamba mawingu yanajikusanya. Wanawake wakaitikia: hata sisi tumeona samaki.

Hapo ningeishia. Lakini mdogo wa mume wangu, Edouard, alikuwa amekwisha tuma habari kutoka Kasai kwamba anakuja na mke wake Clotilde na watoto, na hakuwa na mahali pa kulala. Karani wa viwanja alikuwa kijana wa kwetu, jina lake Rigobert, kalamu sikioni, viatu vya kung'aa. Alipopita kwenye avenyu nilimsimamisha.

"Karani, kiwanja ya Chola itabakia wazi. Ndugu ya bwana yangu iko nakuya na bibi na batoto. Utuwekee ile."

"Nani alikuambia banaenda?"

"Angaria we mwenyewe."

Aliangalia juu ya fensi. Kisha akazunguka akaingia kwa Ngosa, nikasikia sauti zao, nikamsikia Ngosa anacheka tena. Rigobert akarudi kwangu, naye anatabasamu.

"Anakatala," alisema.

"Bote banakatalaka," nikamjibu. "Njo vile."

Akachomoa kalamu sikioni, akaandika.

Maneno yakatembea yenyewe, sikuyasukuma tena. Wanaume waliyasikia kwa wake zao, wakayabeba mpaka mjini, na kabla ya majuma mawili yalikuwa yameingia kwenye duka la mikate. Mgiriki hakukasirika, wala hakumuuliza Chola. Alifikiri kwamba mtu anayeondoka huficha, maana na yeye alikuwa amekaa nasi siku nyingi na alijua desturi zetu. Alitafuta mtu mwingine, wa mshahara wa chini zaidi. Chola alimwona yule mtu anajifunza kukanda unga karibu naye, akadhani ni msaidizi. Akamfundisha.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Chola alikwenda kuomba barua yake. Mgiriki alimpa mkono wa kwaheri, akampa na mikate miwili ya njiani. Chola aliapa kwamba haendi popote. Mgiriki alitikisa kichwa kwa upole na kumwambia kazi imekwisha pata mtu. Ofisini wakasema hakuna barua, hakuna muhuri. Rigobert akafungua kitabu chake akamwonyesha kwamba hata kiwanja kimekwisha andikwa jina la Edouard. Chola alirudi nyumbani na tikiti mbili za treni ya Alhamisi ya pili, na mikate miwili chini ya kwapa.

Ngosa alikuja kwangu siku hiyohiyo, mchana. Nilikuwa nachambua majani ya viazi. Hakukaa.

"Yaya, kuko muntu alisema tunaenda. Ni nani?"

"Bantu ba hapa banasemaka mingi," nikamwambia, macho kwenye majani.

"Twende na wewe kwa karani. We ni muntu wa Kongo, batakusikia. Useme tu samaki ilikuwa ya kukula hapa. Mutoto hajamaliza miaka tatu, Yaya! Bado mwaka moja na kidogo. Ni mwaka moja tu naomba."

Hakunishuku kabisa. Mwanamke aliyeweza kumgundua muuzaji aliyechanganya chumvi na mchanga hakunigundua mimi. Nikamwambia abaki na mtoto, nitakwenda peke yangu, nikatoka.

Nilifika mpaka mlangoni pa ofisi. Nilisimama kwenye mstari. Zamu yangu ilipofika, Rigobert akaniuliza, "Unataka nini, mama?" Sanduku la Clotilde lilikuwa limekwisha fika nyumbani kwangu kwa treni ya mizigo. Avenyu nzima ingejua mdomo uliomwambia karani ni wangu. Nikamuuliza kwa nini maji ya bomba yanatoka machafu. Akasema ataangalia. Nikarudi nikamwambia Ngosa kwamba wamekataa.

Kwamba mtoto angebaki kwangu sikuwaza. Siku ile nilikuwa sijamwaza bado, nitaapa mbele ya yeyote, na asiyetaka kuniamini aache.

Siku moja kabla ya safari, Ngosa alivuka fensi akiwa na Madeleine mkononi na nusu ya samaki wale ndani ya gunia. Aliweka gunia chini, akaniwekea mtoto mapajani.

"Ubakie naye," alisema. "Mi shitamupeleka kule kufa. Akimaliza miaka tatu, nitakuya kumuchukua. Umupatie samaki kila siku, lakini utoshe miba muzuri."

Nilimuuliza Chola anasemaje. Kwa watu wao mtoto ni wa ukoo wa mama, na Chola hakuwa na la kusema. Nilimwona juu ya fensi amekaa kwenye kizingiti cha nyumba tupu, ameshika kichwa. Kwetu Kasai jambo hili lisingewezekana. Nikamkumbatia mtoto haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Stesheni, Madeleine alikuwa amelala mgongoni kwangu. Ngosa alisimama mbele yangu muda mrefu akimtazama, na hakumgusa, asije akaamka. Kisha akapanda. Nilipofika nyumbani, Clotilde alikuwa anafagia ua wa jirani, na watoto wake wanatia kuni kwenye jiko ambalo lilikuwa bado na joto.

Nilimlisha mtoto yule. Mnisikie vizuri. Nilitoa miba kwa kucha zangu, mwiba mmoja mmoja. Mvua zilipokuja unga ukapanda, kama Ngosa alivyohesabu, Léonard alikula mara moja kwa siku na mimi nilikula ukoko wa bukari, ugali wetu, lakini Madeleine alishiba. Mara tatu watu wa malori ya Kasenga waliniletea kifurushi kutoka ng'ambo: unga wa samaki waliotwangwa laini kabisa, wa mtoto. Waliuliza mtoto yuko namna gani. Mara ya kwanza niliwajibu: mwambieni ni mzima. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilichukua kifurushi nikasema nina haraka.

Aliponiita mama kwa mara ya kwanza, nilimsahihisha. "Hapana, mi ni Mama Mujinga. Mama yako iko ngambo ya mayi, kule Luapula, iko nakuya." Nilimsahihisha kama miezi miwili. Halafu niliacha.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uliofuata alitimiza miaka mitatu. Nilipika wali na kuku, nikamwambia Léonard ni kwa sababu Noeli inakaribia. Tangu siku hiyo niliyaogopa malori. Nikisikia moja linaingia sokoni, nilikiacha nilichokuwa nanunua nikaondoka. Nilibadili siku zangu za soko, nikaanza kwenda wakati wa jua kali, wakati malori yamekwisha ondoka. Nilianza kununua vibaya, mboga zilizonyauka, unga wa chini ya gunia, kwa bei yoyote, ili nirudi haraka. Clotilde aliniuliza nina nini, nikamkaripia.

Leo Madeleine ana miaka ishirini na sita. Ameolewa, anakaa Ruashi kwenye nyumba ya matofali, ana watoto wawili, na anajua kusoma. Ananiita mama na hajui lingine. Edouard na Clotilde niliwaambia kwamba mama yake alifia kwao, wakaamini. Léonard nilimwambia ukweli mwaka aliokufa, na aligeukia ukutani. Mwaka 1933 nilikuwa nimembembeleza tuhame mtaa ule, twende Kampemba. Alidhani nataka shamba.

Sasa niseme la mwisho.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka 1933, saa saba mchana, soko limekwisha tulia. Lori moja lilikuwa limechelewa kwa sababu ya matope. Nilikuwa nachagua viazi vitamu nilipomwona mwanamke anashuka nyuma ya lori, juu ya vitunga, amekonda, nguo imejaa magamba ya samaki. Aliniona kabla sijageuka. Alikuja mbio.

"Yaya! Yaya Mujinga!"

Alinishika mikono yote miwili. Alisema Chola amekwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Rodezia, kwamba yeye amewafanyia kazi wauza samaki mwaka mzima ili apate nafasi juu ya lori, kwamba lori linarudi kesho asubuhi na wamemwahidi nafasi ya watu wawili. Alisema yote haya kwa pumzi moja. Kisha akaangalia mgongo wangu, akaangalia nyuma yangu.

"Iko wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Madeleine alikuwa nyumbani kwa Clotilde, anacheza, mwendo wa dakika ishirini. Badala yake nilianza kulia. Nililia kwa sababu kesho asubuhi mtoto angepanda lori, nami ningerudi kwenye nyumba isiyo na sauti, na kilio kile kilitoka tumboni, sikuweza kukizuia, mpaka wauzaji wakasimama.

Ngosa alinitazama usoni. Niliona mikono yake inalegea kwenye mikono yangu.

"Alikufa," alisema.

Hakuuliza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelingoja neno hilo njia nzima. Angeniambia "haiwezekani", angenitukana, angenishika shingoni, ningemwambia. Mwaka ule aliposema kweli hakuna aliyemwamini. Mimi nililia tu, na yeye akaamini papo hapo.

Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Ulikuwa muda mrefu sana.

"Mwezi wa pili," nikasema. "Homa."

Alitaka kaburi. Nilimpitisha njia ya nyuma, mbali na avenyu yetu, na njia nzima nilitazama mbele nisije nikaona mtu anayetujua. Hakuomba kwenda nyumbani. Alisema hawezi kuona ua ule. Makaburini, upande wa watoto, kulikuwa na vituta vingi visivyo na majina, kwa maana ule ulikuwa mwaka mbaya. Nilimwonyesha kimoja ambacho udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Sijui ni mtoto wa nani. Alikaa chini kando yake na kuanza kung'oa majani madogo yaliyoota juu, moja moja, bila kulia, na mimi nilisimama nyuma yake na kikapu cha viazi.

Aliuliza, bila kugeuka:

"Alikuwa nakula?"

"Eh?"

"Mbele ya homa. Alikuwa nakula muzuri? Hakulalaka na njaa?"

"Alikuwa nakula," nikamwambia. "Kila siku. Samaki, bukari, na mboga. Miba nilitosha na mikono yangu. Hakulala na njaa hata siku moja, Mama Madeleine."

Ndilo neno pekee la kweli nililomwambia siku ile, na nililisema kwa nguvu.

Ngosa akageuka. Alipiga magoti mbele yangu kwenye udongo ule, akakunja viganja, akapiga makofi polepole, jinsi watu wa kwao wanavyomshukuru mtu aliyewatendea jambo kubwa.

"Aksanti, Yaya," alisema. "Aksanti kumukulisha mutoto wangu."

Nami nikaitikia.